Choo Kipya cha Maji: Kikague Kabla Fundi Hajaondoka

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Anayetaka kuijua hana budi kuingia ndani. Leo yafaa kuongeza kwamba hata aliyekaribishwa sebuleni na kupewa kiti bado hajaijua nyumba mpaka aombe kuonyeshwa choo. Hapo ndipo usafi wa jamaa hupimwa, na hapo ndipo afya ya watoto hulindwa au hupotezwa.

Jamaa nyingi za askari na polisi wa Uganda zimelelewa katika nyumba zenye vyoo vya shimo. Zinapopata nyumba yenye choo cha kuvuta maji, au zinapojijengea nyumba ya siku za kustaafu, furaha huwa kubwa. Fundi huja na bakuli jeupe linalong'aa, hulifunga, huvuta maji mara moja mbele ya wenyeji, hupokea ujira wake, akaenda zake. Siku ya tatu harufu inaanza. Siku ya saba sakafu ina maji. Mwisho wa mwezi ankara ya maji inakuja, nayo inamega mshahara ambao tayari umegawanywa kwa karo za shule na posho. Fundi hapatikani, bwana yuko lindo la mbali, na bibi amebaki na watoto pamoja na choo ambacho hajui kimepatwa na nini.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha msomaji kwamba choo kipya hakiumwi kwa siri. Kila ubovu una dalili yake ya kuonekana, kusikika au kunuswa, na mtu asiye fundi anaweza kuitambua akiwa na ndoo, kitambaa na subira kidogo. Atakayeitambua mapema atamwita fundi kwa jambo maalumu, na hatadanganywa kununua kisichohitajika.

CHOO HUFANYAJE KAZI

Choo cha kuvuta maji kina sehemu nne za kukumbuka. Ya kwanza ni tangi la juu linalohifadhi maji. Ya pili ni boya lielealo ndani ya tangi hilo. Maji yanapopanda, boya nalo hupanda na kufunga koki ya kuingizia maji. Ya tatu ni kizibo cha mpira kilicho chini ya tangi, ambacho huinuka mtu anapovuta, kisha hurudi mahali pake. Katika matangi ya namna nyingine kazi hiyo hufanywa na bomba lililopindwa ndani ya tangi, lakini shabaha ni ile ile. Ya nne ni bakuli lenyewe, pamoja na mpindo wa bomba ulio nyuma yake.

Mpindo huo ndio moyo wa choo. Ndani yake hubaki maji yenye kina cha kiasi cha sentimita 5, na maji hayo ni mlango kati ya nyumba na uchafu. Yakiwapo, hewa mbaya ya shimo haiwezi kupanda. Yakikosekana, nyumba imeachwa wazi. Maarifa haya ni ya zamani: Alexander Cumming, fundi wa saa mjini London, alipewa hati ya ubunifu wa choo chenye bomba lililopindwa hivyo mnamo mwaka 1775. Tangu hapo mambo mengi ya vyoo yamebadilika, ila mlango huo wa maji haujapata wa kuurithi.

MAJI YASIYONYAMAZA

Ikiwa tangi limejaa lakini sauti ya maji bado inasikika, fungua kifuniko utazame. Maji yanapaswa kusimama chini kidogo ya mdomo wa bomba la kutolea maji ya ziada, yapata upana wa vidole viwili. Yakiwa yanafurika katika bomba hilo, inua boya taratibu kwa mkono. Kama maji yanakatika, koki ni nzima na boya ndilo limewekwa juu mno. Lishushe kwa kukaza skrubu yake au, kwa maboya ya kizamani, kwa kupinda kidogo ufito wake kuelekea chini. Kama maji hayakatiki hata boya likiinuliwa, kuna kitu kimenasa ndani ya koki. Katika choo kipya kitu hicho aghalabu ni chembe ya mchanga, au kipande cha tepu nyeupe ambayo mafundi huizungushia viungo. Funga koki ya ukutani, fungua ile ya tangi, ioshe, kisha uirudishe.

Ikiwa maji hayafuriki lakini tangi linajijaza lenyewe kila baada ya muda, kizibo cha chini kinavujisha. Chukua buluu ya kufulia nguo nyeupe, koroga kidogo ndani ya tangi, na mtu yeyote asivute kwa nusu saa. Maji ya bakuli yakigeuka buluu, ushahidi umepatikana. Tazama mnyororo wa kizibo: ukiwa mfupi mno humzuia kizibo asikae vizuri, na ukiwa mrefu mno hujikunja chini yake. Vilevile pangusa ukingo ambao kizibo hukalia, kwani vumbi la saruji hupenda kuganda hapo.

Mtu asidharau mvujo mdogo. Maji yanayojaza bilauri ya robo lita kwa dakika moja ni lita 15 kwa saa, nayo ni lita 360 kwa siku, yaani jerikeni 18 za lita 20. Hakuna mama ambaye angekubali kumwaga jerikeni 18 uani kila siku, lakini choo huzimwaga usiku na mchana bila kumwomba mtu ruhusa.

MAJI YASIYOSHUKA

Huenda choo kikavutwa na uchafu usiondoke. Hapo wengi humlaumu fundi kwa kuuza bakuli baya, ilhali sababu yaweza kuwa mahali pengine. Kama bakuli halijakaribia kufurika, mimina ndani yake ndoo ya lita 10 kwa mkupuo mmoja. Maji yakishuka kwa nguvu na kuondoa kila kitu, bomba la chini ni zima na kosa liko juu: ama tangi halijai hadi kipimo chake, ama kizibo kinarudi mapema mno, ama vitundu vya ukingo wa bakuli vimezibwa na saruji. Vitundu hivyo huzibuliwa kwa kijiti laini, bila kukwaruza.

Lakini maji ya ndoo yakipanda na kushuka polepole, kizuizi kiko chini. Katika nyumba mpya yafaa kukumbuka kwamba mafundi huziba mdomo wa bomba kwa karatasi au gunia ili mchanga usiingie, na mara nyingine husahau kuviondoa. Kadhalika bomba laweza kuwa limelazwa bila mteremko wa kutosha. Kwa bomba la kawaida la choo, mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja ni kipimo kizuri. Bomba lililolala sawa na sakafu, au linalopanda hata kidogo, litaziba mara kwa mara hata likizibuliwa kila juma. Dawa yake ni kulilaza upya.

Kabla ya kuvunja sakafu, funua kifuniko cha chemba iliyo karibu na nyumba. Chemba ikiwa kavu wakati choo kimejaa, kizuizi ni kati ya bakuli na chemba. Ikiwa chemba nayo imejaa, kizuizi kiko mbele, au shimo la maji machafu limejaa. Hapo huitwa gari la kunyonya maji machafu. Mjini Kampala shehena za magari hayo hupokewa katika mtambo wa kusafishia maji machafu wa Lubigi, uliofunguliwa mwaka 2014, na mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza dereva anakokwenda kumwaga.

HARUFU ISIYOKWISHA

Harufu ikitoka, usikimbilie manukato. Tazama kwanza maji ya mpindo. Jamaa iliyokwenda likizo kijijini kwa majuma mengi huweza kurudi na kukuta maji yamekauka. Bilauri chache za maji huurudisha mlango mahali pake. Ikiwa maji hupungua kila mara choo kinapovutwa, na kuna sauti kama ya chupa inayomiminwa, basi bomba linakosa hewa. Kila mfumo wa choo unahitaji bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Lisipokuwapo, au likiwa limezibwa na kiota cha ndege, maji yanayoshuka huvuta hewa kupitia mpindo na kuunyang'anya maji yake.

Ikiwa maji ya mpindo yamesimama vema na bado harufu ipo, kosa liko katika kiungo cha bakuli na bomba la sakafuni. Hiyo ni kazi ya fundi, tena isicheleweshwe.

SAKAFU YENYE UNYEVU

Hapa msomaji awe mwangalifu kuliko kote, kwani swali si kwamba kuna maji, bali ni maji gani. Kausha sakafu na bakuli kwa kitambaa, tandaza vipande vya gazeti kavu kuzunguka choo, kisha ngoja saa moja bila kuvuta. Karatasi zikilowa kabla ya kuvuta, maji hayo ni safi: yanatoka katika bomba la kuingizia, katika nati za tangi, au ni jasho la tangi lenye maji ya baridi. Karatasi zikibaki kavu, vuta mara tatu. Zikilowa kutoka juu, kosa ni mpira ulio kati ya tangi na bakuli. Zikilowa kuanzia shina la bakuli, hayo ni maji machafu.

Maji machafu sakafuni si jambo la kuvumilia hata siku moja. Mtoto anayetambaa huyagusa kwa viganja na kuvitia mdomoni, na kwa njia hiyo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu huweza kuingia ndani ya nyumba. Katika nyumba za ghorofa maji hayo humdondokea jirani wa chini, na ugomvi wa jamaa mbili zinazoishi kambi moja ni vigumu kuusafisha kuliko sakafu. Zuieni matumizi ya choo hicho, oshieni sakafu kwa maji yenye dawa ya klorini, na mwiteni fundi.

Kama bakuli linatikisika, lisikazwe kwa nguvu zote za askari. Udongo wa kaure hupasuka. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo upande huu na kidogo upande ule, mpaka bakuli litulie.

MAMBO YALIYO MARUFUKU

Usichanganye kamwe dawa ya klorini na asidi ya kusugulia choo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu kali. Usimruhusu mtu yeyote, hata fundi, kushuka ndani ya shimo la maji machafu kutafuta kitu au kumwokoa mwenziwe. Hewa ya humo huua upesi, na mara nyingi hufa aliyeshuka pamoja na aliyemfuata. Usiwashe kiberiti juu ya shimo lililofunguliwa. Wala usitupe chooni magunzi, matambara, nepi au magazeti. Wazee na watoto waliozoea choo cha shimo waelezwe jambo hili kwa heshima na kwa kuonyeshwa, si kwa kukaripiwa, kwani hakuna aliyezaliwa akijua.

UKAGUZI NA RIPOTI

Maadamu fundi yu bado mlangoni, mwenye nyumba ana nguvu. Yafaa wapatane tangu mwanzo kwamba sehemu ya ujira itabaki hadi ukaguzi ukamilike. Choo kivutwe mara kumi, tangi likiachwa lijae kila mara. Buluu ijaribiwe. Karatasi zitandazwe. Chemba ifunuliwe, na maji yaonekane yakipita bila kutuama. Shimo jipya la kunyonyea maji machafu lichimbwe mbali na kisima, angalau mita 30. Fundi mwema hataona haya kusubiri, na asiyetaka kusubiri amekwisha kujibu swali.

Katika nyumba za serikali matengenezo makubwa ni ya ofisi ya majengo, si ya mpangaji. Lakini malalamiko ya mdomo husahaulika. Bibi aliyebaki nyumbani na aandike kama vile polisi aandikavyo tukio: tarehe, saa, dalili iliyoonekana, jaribio lililofanywa na matokeo yake. Asiandike "choo kibovu". Aandike, "Karatasi zililowa kuanzia shina la bakuli baada ya kuvuta mara tatu." Nakala moja aipeleke ofisini, nyingine aiweke. Barua ya namna hiyo humpa fundi kazi iliyo wazi, na humnyima karani nafasi ya kusema hakuelewa.

Kazi hizi zote huchukua muda wa asubuhi moja. Watoto wakubwa washirikishwe: mmoja ashike ndoo, mwingine aangalie saa, mwingine atandaze karatasi. Kisha wote wanawe mikono kwa sabuni, na choo kikabidhiwe kwa jamaa kikiwa kimya, kikavu na kisicho na harufu.