Mwisho wa Kipupwe Katika Bustani za Kilombero

Wanachama wetu wengi wanaujua mchele wa Kilombero kwa kuula. Wachache ndio wajuao kwamba watu wale wale walimao mpunga huo, wakishauvuna, hawakai kitako kungojea mvua nyingine. Sehemu ya ardhi ile ile huigeuza bustani ya mboga, na kando ya nyumba wana miembe, migomba na michungwa. Fedha ya mboga ndiyo iwavushayo mpaka mpunga wa mwaka unaofuata. Sisi wenye mikarafuu tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mkarafuu hubeba vyema mwaka huu, mwakani ukapumzika, lakini ada za skuli hazina mwaka wa mapumziko.

Bonde lenyewe limo katika Mkoa wa Morogoro, na mji wake mkubwa ni Ifakara. Upande wa kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, upande wa kusini-mashariki ni nyanda za juu za Mahenge, na katikati mto Kilombero unapita katika tambarare pana. Mvua huanza Novemba au Desemba, ikaendelea hata Mei. Machi na Aprili mto hufurika na kutandaza maji na matope juu ya mbuga. Maji hayo si haba: zaidi ya nusu ya maji yote ya mto Rufiji hutoka huko, na mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Mwezi wa Juni maji yakishapwa, udongo hubaki na unyevu kwa wiki nyingi. Unyevu huo ndio mtaji wa mkulima wa mboga, nao ni mtaji upunguao kila siku jua linapochomoza.

Kwa hiyo, kipupwe kinapokaribia kwisha, yaani Agosti na siku za mwanzo za Septemba, mkulima wa huko huwa na haraka isiyoonekana kwa mpita njia. Huhesabu siku kurudi nyuma, kuanzia siku ya mvua. Tuchukue mfano wa tungule, ambazo huko bara huitwa nyanya. Mbegu hukaa kitaluni kama wiki 4. Mche ukishahamishiwa shambani, huchukua kama siku 75 mpaka tunda la kwanza kuiva, kisha uchumaji huendelea kwa wiki kadhaa. Aliyesia mwanzo wa Agosti atachuma katikati ya Novemba, na hapo mvua iko mlangoni. Aliyesia mwisho wa Agosti atachuma Desemba ndani ya mvua, majani yakiwa yameshambuliwa na ukungu, na matunda yakipasuka na kuoza kabla hayajafika sokoni. Tofauti ya wiki 3 tu, na mmoja ana fedha mkononi, mwingine ana deni la mbegu na dawa. Vitunguu ndivyo vigumu zaidi, kwani huchukua miezi 4 au zaidi; asiyevianza maji yalipopwa, Agosti asijisumbue. Mchicha hauna shida hiyo, maana wiki 3 au 4 unatosha kuchumwa, na bamia ziko katikati kwa miezi 2.

Kitalu kizuri hutambulikana mapema. Hufanywa tuta lililoinuliwa, upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati bila ya kukanyaga, na mbegu hupandwa kwa mistari. Wenye kumwaga mbegu ovyo hupata miche mirefu myembamba kama nyuzi, ikalala chini siku ya kwanza ya jua kali. Ifakara ina mashine nyingi za kukoboa mpunga, na nje ya mashine hizo maganda hulala kama vilima. Mkulima hodari huyachoma nusu yakawa makaa meusi, akayachanganya na udongo na samadi iliyooza vizuri. Udongo hulainika na mizizi hutoka nzima wakati wa kung'oa. Wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha, maji hupunguzwa na kivuli huondolewa kidogo kidogo, mche ukazoea taabu. Miche huhamishwa jioni, kamwe si mchana.

Mahali pa kuhamishia pana hesabu yake pia. Tungule, mabiringani, pilipili na nyanya chungu ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko ukiingia katika udongo kwa mmoja wao huwangojea wote. Katika nchi ya joto kama Ifakara, mche ulionawiri asubuhi waweza kuwa umelala jioni, na hapana dawa ya kuuponya. Hapo ndipo mpunga unapomfaa mtu wa mboga: ardhi iliyokaa chini ya maji miezi kadhaa hupunguza minyoo ya mizizi na baadhi ya magonjwa ya udongo. Kwa sababu hiyo wengi hupendelea kupanda tungule katika jaruba lililotoka mpunga kuliko katika bustani ya mwaka jana.

Kisha yaja maji, na hapa tunaomba msomaji avumilie tarakimu kidogo. Tuta la mita 1 kwa mita 10, katika joto la Septemba na Oktoba, hutaka karibu lita 50 kwa siku, yaani madumu mawili na nusu. Mwenye matuta 20 atabeba madumu 50 kila siku ikiwa hana pampu. Wakulima huchimba visima vifupi ndani ya bustani yenyewe, na kila wiki maji hushuka, basi kisima hufukuliwa tena. Ajabu ni kwamba wengi huchimba matuta mwezi wa Agosti kwa nguvu walizonazo Agosti, bila ya kufikiri kisima kitakuwa na kina gani Oktoba. Tungewashauri, kama tungeulizwa, wapande matuta 12 yashibe badala ya 20 yafe kwa kiu. Matuta ya kiangazi huzamishwa chini kidogo, kinyume cha yale ya masika, ili maji yabaki kwenye mizizi.

Karibu na mto maji ni rahisi, lakini hapo pana sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na ukingo uliolimwa kweli humomonyoka furiko linapokuja. Isitoshe, kiboko haulizi shamba ni la nani. Hutoka usiku, na bustani ya miezi miwili akaimaliza kabla ya alfajiri.

Jambo lililotusikitisha ni moto. Baada ya mavuno, majani makavu ya mpunga yamejaa kila mahali, na njia ya mkato ya kusafisha shamba ni kiberiti. Moto hauna mpaka. Huingia katika mbuga za nyasi, hufika kwenye miembe ya jirani. Na kile kilichochomwa ndicho hasa bustani ilichohitaji, maana majani hayo yakitandazwa juu ya tuta kwa unene wa kiganja, udongo hukaa baridi na magugu hayapati mwanya. Mwenye mikarafuu hahitaji kuhubiriwa juu ya moto wa kiangazi. Tunajua mti wa baba na babu hupotea katika alasiri moja.

Upande wa matunda kazi ni chache, ila haziahirishiki. Miembe hutoa maua wakati huu wa baridi, na asubuhi za umande huleta ubwiri unga unaokausha maua yote. Baadaye huja inzi wa matunda, yule mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Afrika ya Mashariki mwaka 2003. Dawa yake kubwa ni usafi: kila embe lililoanguka liokotwe na lizikwe chini kabisa, kiasi cha nusu mita, kwani likiachwa juu ya ardhi hulea inzi wa msimu mzima. Katika migomba, kila shina hubakishiwa mama, mtoto na mjukuu, wengine wote hukatwa. Na mabaki ya tungule za zamani hung'olewa na kuharibiwa kabla ya mpya kupandwa, kwa sababu ya kantangaze, mdudu aliyeingia Tanzania mwaka 2014 ambaye huchimba majani na matunda, na huhama kutoka shamba kuukuu kwenda jipya kwa urahisi kabisa.

Soko je? Daraja la mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 limewaondolea watu wa upande wa Ulanga na Malinyi taabu ya kivuko, ambacho Januari 2016 kilipinduka. Reli ya TAZARA nayo yapita bondeni tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, tungule ni bidhaa isiyongoja. Karafuu kavu ikikaa ghalani salama, mwenyewe aweza kulala na kufikiri. Tenga la tungule hukupa siku tatu au nne, na ikiwa majirani wote wamechuma wiki moja, mnunuzi ndiye asemaye bei. Wale waliofaulu walikuwa wamesia kwa mafungu, kitalu kimoja kila baada ya wiki mbili, tena wakachanganya na bamia na mchicha.

Je, hayo yatufaa sisi? Si yote. Kipupwe chao ni wakati wa mikono kuwa mitupu baada ya mpunga, na chetu ni wakati ambao ngazi na majamvi huanza kutoka. Hapana mtu wa kubeba madumu 50 kwa siku wakati karafuu ziko mtini. Lakini mwaka ambao miti haikuchanua, mikono ipo, na hapo matuta matano au sita karibu na kisima ni jambo la akili. Anayekusudia asiige tarehe za Ifakara, kwa kuwa vuli yetu hutangulia mvua yao. Ikiwa mvua yatarajiwa katikati ya Oktoba, na twataka mwezi mzima wa kuchuma kabla yake, mbegu ya tungule yapasa kuwa kitaluni katika siku za kwanza za Juni, masika yanapokatika. Miti itakuwa imekwisha kutuonyesha kama mwaka ni wa karafuu au la.