Banio la Mfereji na Lango la Hewa

Aliyepata kuupanda mteremko wa Mlima Meru wakati wa kiangazi, akaufuata mfereji toka migombani hadi mtoni unakochepukia, atakuwa ameng'amua kwamba mambo yote ya kule chini, mahindi kustawi au kunyauka, na majirani kusemezana kwa heri au kwa shari juu ya zamu, shauri lake hukatwa banioni, pale maji yaingiapo.

Hali ni hiyo hiyo kwa mintarafu ya seli ya haidrojeni, chombo ambacho asili yake ni majaribio ya William Grove ya mwaka 1839, nacho hupokea haidrojeni upande mmoja wa utando na hewa upande wa pili, kikatoa umeme, na maji yakawa ndiyo taka yake. Wahandisi, kabla ya kukata bamba hata moja, hukiiga kwanza ndani ya kompyuta: njia za hewa hugawanywa vijumba maelfu kwa maelfu, na kila kijumba hufanyiwa hesabu ya mwendo, joto na gesi zilizomo. Lakini kompyuta haina habari ya ulimwengu ulio nje ya lango. Ni sisi tuiambiao ni kiasi gani kinaingia, kwa joto gani na unyevu kadiri gani, na tukiidanganya haigomi, bali hutuchorea picha za rangi za kupendeza ajabu.

Kiasi hicho hakibahatishwi, kwani hutokana na umeme utakiwao. Seli yenye eneo la sentimita mraba 100, ikitoa ampea 100, hula takriban miligramu moja ya haidrojeni kila sekunde, na hewa isiyopungua miligramu 36. Aghalabu hewa huongezwa mara mbili, ili sehemu za mwisho wa njia zisipatwe na yale yampatayo mwenye shamba la mkiani mwa mfereji.

Hapo ndipo mwenyeji wa Arusha apaswapo kuwa na hadhari. Mji huu uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa yake ni kama asilimia 85 ya ule wa Dar es Salaam. Basi anayenakili kitabuni kasi ya hewa iliyopimwa pwani, akaiandika langoni, ameingiza pumzi pungufu kwa asilimia 15, na ile mara mbili imekuwa mara 1.7. Fauka ya hayo, hewa iliyoloweshwa kikamilifu kwa nyuzi 80 za Selsiasi hubeba mvuke wa kilopaskali 47, pwani na mlimani sawasawa, kwa maana mvuke huo hufuata joto, haufuati mwinuko; kwa hiyo katika seli isiyosukumiwa hewa kwa nguvu, pwani hewa kavu hubakiwa na kilopaskali 54, Arusha 39 tu.

Basi, ewe mwanafunzi, uwe Tengeru kwenye Taasisi ya Nelson Mandela au penginepo, langoni andika uzito wa hewa kavu kwa sekunde, kisha uongeze mvuke wake, usiandike kasi. Na mgandamizo wa lango la kutokea uwe wa Arusha.