Kemia Imo Ndani ya Jiko la Makaa

Mwanafunzi wa mitaa ya Nairobi kama Kayole au Dandora anayehangaika kusawazisha milinganyo ya kemikali aanzie kwenye jiko la makaa. Hewa ikitosha, C + O₂ → CO₂. Ikipungua, 2C + O₂ → 2CO, gesi ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Katika milinganyo yote miwili atomi hupangwa upya tu. Hakuna inayopotea wala kuongezeka, ndiyo maana hesabu ya pande mbili lazima ilingane.

Wapo watakaosema mtihani wa KCSE unataka mazoezi, si habari za jiko. Mazoezi ni lazima, kweli. Lakini asiyejua namba za mlinganyo zinahesabu nini huichezea fomula yenyewe ili pande zilingane, akaandika CO₂ palipo na CO, ilhali hizo ni gesi mbili tofauti kabisa. Maana itangulie, kasi itafuata.