Nguvu zako zinalipwa kwa uhai wa nani?

Jumapili hii nakualika tutafakari jambo ambalo huenda hukutarajia kulikuta katika safu hii: filamu za mapanga na wachawi, na mchezo wa mezani ambao visa vyake huchotwa katika filamu hizo. Usifunge gazeti. Mzazi mwenye kijana nyumbani ana sababu ya kusoma hadi mwisho, na mwenye madaraka yoyote, ya kanisani, kazini au nyumbani, ana sababu kubwa zaidi.

Tuanze na mchezo wenyewe. Unaitwa Dungeons & Dragons, na ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna mshindi kama bao au drafti. Watu wachache huketi kuzunguka meza, na mmoja wao huwa msimulizi. Wengine kila mmoja huigiza mhusika wake: mpiganaji, mwizi, kuhani au mchawi. Msimulizi husema, “Mmefika mlangoni pa mnara. Ndani ni giza, na mnasikia kitu kikijikokota sakafuni. Mnafanya nini?” Mchezaji hujibu, kisha hurusha dadu, mara nyingi ile yenye pande 20, na namba inayotokea huamua kama alilokusudia limefaulu.

Kwetu bibi alisema paukwa, wajukuu wakaitika pakawa, na hadithi ikaenda hadi mwisho ambao bibi alikuwa nao kichwani. Katika mchezo huu wajukuu wanaruhusiwa kumkatiza bibi na kuamua wenyewe sungura apite njia ipi.

Msimulizi hupata wapi visa vyake? Baadhi hutoka vitabuni, hasa hadithi za Conan, shujaa aliyebuniwa na mwandishi Robert E. Howard na kuanza kuchapishwa mwaka 1932. Vingine hutoka kwenye filamu. Msimulizi hachukui filamu nzima, maana wachezaji wakiijua watajua na mwisho wake. Huchukua fundo moja tu: mnara wenye kito, binti wa mfalme aliyepotea, kijiji kinacholipa kodi kwa joka. Kisha huwakabidhi wenzake fundo hilo walifungue wao.

Najua swali lililo moyoni mwako. Mkristo ana shughuli gani na hadithi za wachawi? Swali hilo si geni. Miaka ya 1980 wazazi na makanisa mengi nchini Marekani waliulaumu mchezo huu kuwa ni mlango wa ushetani. Hofu yao haikutoka hewani, kwa kuwa Kumbukumbu la Torati 18 inakataza uaguzi na uchawi bila kumumunya maneno. Katazo hilo lipo, na mimi silipunguzi.

Lakini angalia jinsi Biblia hiyohiyo inavyosimulia. Inatuonyesha mfalme Sauli akijibadilisha mavazi usiku ili amwendee mwanamke wa Endori. Inatuonyesha Simoni wa Samaria akiwashangaza watu kwa uchawi wake. Biblia haiogopi kutusimulia habari za mchawi, ila inataka tuone anatafuta nini na nani anaumia. Kwa hiyo swali la kuiuliza filamu si kwamba ina mchawi au haina. Tuulize, nguvu zinazoonyeshwa humo zinalipiwa na nani? Nakupa filamu tatu ambazo hadi leo zinafaa kumpa msimulizi kisa.

Ya kwanza ni The Golden Voyage of Sinbad ya mwaka 1973. Sindbad baharia unamfahamu, maana safari zake zimo katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Katika filamu hii adui yake ni mchawi aitwaye Koura. Anaweza kuitia uhai sanamu ya mbao iliyoko kwenye omo ya jahazi, ikang’oka na kupigana na mabaharia. Lakini kila anapofanya uchawi, anazeeka. Ngozi inakunjamana, nguvu zinamtoka, mtumishi wake anamsihi aache. Haachi, kwa sababu amesikia ipo chemchemi itakayomrudishia ujana. Wakati huohuo yupo waziri anayetembea amefunika uso kwa kinyago cha dhahabu, kwa kuwa moto wa Koura ulimuunguza sura. Mchawi anaitumaini chemchemi imponye. Waziri hana ila kinyago chake.

Ya pili ni Conan the Barbarian ya mwaka 1982. Conan aliigizwa na Arnold Schwarzenegger, ambaye wengi wetu tulimjua zaidi kwa Commando. Nakutahadharisha mapema kwamba ina damu nyingi na utupu, hivyo si filamu ya watoto. Kwa msimulizi wa mchezo ni ghala: wezi watatu wanaparamia mnara wa nyoka kuiba kito, mfalme mzee anawatuma wakamrudishe binti yake aliyefuata dhehebu, halafu kuna safari ndefu hadi hekaluni. Mkuu wa dhehebu hilo ni Thulsa Doom, mtu yuleyule aliyewaua wazazi wa Conan alipokuwa mtoto.

Tazama tukio moja. Conan amekamatwa, na Thulsa Doom anataka kumfundisha kwamba chuma si kitu mbele ya mtu anayemiliki mioyo ya watu. Anainua macho kwenye jabali refu ambako wafuasi wake wamesimama. Anamwita msichana mmoja kwa sauti ya upole, kama baba anavyomwita mwanawe. Msichana anapiga hatua mbele, anaanguka, anakufa. Mkuu wake hajaguswa hata kucha. Kwake kifo cha binti ni hoja katika mazungumzo, na hoja ikishaeleweka mazungumzo yanaendelea.

Ya tatu ni Dragonslayer ya mwaka 1981. Nchi ya mfalme Casiodorus ina joka. Ili lisichome mashamba, mfalme amekubaliana nalo kwa njia ya kura: mara mbili kwa mwaka bikira mmoja huchaguliwa na kupelekwa kuliwa. Nchi ina amani. Watu wanalima na kuvuna. Mhunzi mmoja amemlea binti yake kwa mavazi ya kiume tangu utotoni ili jina lake lisiingie kwenye kura. Lakini wapo wasichana wengine ambao majina yao hayaingii kamwe, hao ni wa wenye uwezo, na wa kwanza wao ni binti wa mfalme mwenyewe, Elspeth.

Elspeth hakujua. Siku anapoambiwa ukweli, anakwenda kumuuliza baba yake, na uso wa baba unamjibu kabla ya kinywa. Kura inayofuata, kila kibao kinachotolewa kina jina la Elspeth, kwa sababu ameyaandika mwenyewe yote. Anakwenda kwa miguu yake mahali ambako mabinti wa maskini walipelekwa wakiwa wamefungwa. Mfalme aliyekuwa mtulivu wakati wa mabinti wa wengine sasa analia na kuomba msaada.

Mwishoni joka linashindwa kwa sababu mchawi mzee Ulrich anakubali kubebwa nalo angani, huku akijua kwamba hirizi yake ikipondwa atakufa pamoja nalo. Kisha mfalme anafika na watu wake, anachomeka upanga kwenye mzoga, na anatangazwa kuwa ndiye muuaji wa joka. Sijui kama kuna picha inayofanana na ofisi zetu kuliko hiyo.

Mpendwa msomaji, weka filamu hizo tatu pamoja uone. Koura analipa kwa sura ya mwingine na kwa mwili wake mwenyewe, na bado hatosheki. Thulsa Doom analipa kwa wanaompenda. Mfalme Casiodorus analipa kwa watoto wa watu wasio na sauti, na anaiita amani. Wanaolipa kwa uhai wao wenyewe ni wawili tu, msichana aliyekataa upendeleo na mzee aliyekuwa tayari kufa.

Sasa fungua Yohana 11. Baraza limekutana kwa hofu ya Warumi, na Kayafa, kuhani mkuu wa mwaka ule, anatoa ushauri kwamba ni nafuu mtu mmoja afe kuliko taifa zima liangamie. Hiyo ndiyo hesabu ya Casiodorus. Inasikika kuwa ya busara mradi anayefanya hesabu si yeye atakayepelekwa. Lakini yule waliyemhesabu kuwa wa kufa alikuwa ameshasema, katika Yohana 10, kwamba hakuna anayemnyang’anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Wao walidhani wamempigia kura, kumbe alikuwa ameshajiandika. Hakufanya hivyo kwa kuvunjika moyo, bali kwa kutupenda, na siku ya tatu kaburi halikuweza kumshika.

Ndiyo maana Petro alimkemea Simoni kwa ukali katika Matendo 8. Simoni aliona mitume wakiwawekea watu mikono, wakapokea Roho Mtakatifu, akatoa fedha ili naye apate uwezo huo. Alikuwa amebatizwa, lakini bado aliiona nguvu ya Mungu kama kitu cha kumiliki ili watu waendelee kushangaa.

Kuna kisa kingine ambacho msimulizi yeyote wa mchezo angekipenda, nacho kimo katika 2 Samweli 23. Daudi yuko pangoni Adulamu, Wafilisti wamekalia Bethlehemu. Kwa kiu anatamani maji ya kisima kilicho langoni mwa mji wake. Mashujaa watatu wanasikia, wanapenya katikati ya jeshi, wanachota, wanarudi nayo. Daudi anayatazama maji yale na kukataa kuyanywa. Anayamimina mbele za Bwana, kwa kuwa kwake ni kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Ni Daudi huyuhuyu ambaye mapema katika kitabu hicho alimtanguliza Uria vitani ili afe. Mtu mmoja aliweza kufanya yote mawili. Wewe na mimi pia tunaweza.

Nisemapo haya siko mbali na kwetu. Mwezi Aprili 2023 ilianza kufukuliwa miili katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya. Ilipita 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Mashtaka yaliyofikishwa mahakamani yanadai waumini walihimizwa wafunge kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mahakama ina kazi yake, nasi tuiachie. Lakini kanisa lina swali lake. Msichana wa jabalini katika filamu ya Conan alianguka kwa sababu alikuwa amefundishwa kutouliza. Ni mara ngapi madhabahu zetu zimemwambia muumini kwamba kumuuliza mtumishi swali ni kumkosea Mungu?

Wala si lazima lifike jambo la mauti. Kiongozi wa kwaya anayejenga jina lake kwa kuwadhalilisha waimbaji anatumia uhai wa wengine. Bosi anayetia saini kazi iliyofanywa na mdogo wake kazini amechomeka upanga kwenye mzoga. Baba ambaye amani ya nyumba yake inategemea mama kunyamaza anapiga kura ileile ya Casiodorus. Anayemshikia dada wa kazi mshahara ili mtoto wake avae vizuri Jumapili anywe maji ya Daudi kwanza, aone yana ladha gani.

Kwako mzazi, ushauri wangu ni mdogo. Usianze na kufukuza. Chagua filamu inayolingana na umri wa mtoto, keti naye, itazameni hadi mwisho. Kisha muulize maswali mawili. Nani hapa alikuwa na nguvu? Nani alizilipia? Akiwa anacheza na wenzake mezani, muulize mhusika wake alifanya nini mfalme alipomwamuru apeleke binti wa mtu mwingine kwa joka. Utajua mengi kuhusu moyo wake kwa jibu hilo. Ukiona mchezo umemtoa kwenye sala, masomo na watu wa nyumbani, hapo una la kusema naye, na atakusikiliza kwa kuwa uliketi naye kwanza.

Na kabla hujamuuliza mtoto, jiulize mwenyewe leo ukitoka ibadani. Utulivu ulio nao, sifa uliyo nayo, nafasi uliyokalia, nani anailipia? Kama kuna jina linakujia, usilifukuze. Huenda ni mtu unayepaswa kumpigia simu kabla jua halijazama, kumwomba radhi au kumlipa chake.

Bwana wetu aliyekuwa na uwezo wote aliinama akawaosha wanafunzi wake miguu, na kesho yake akapanda msalabani. Atupe neema ya kuzitumia nguvu tulizonazo kama yeye alivyozitumia zake.