Feni ya lori inapokataa kasi ya chini

DEREVA wa lori kuukuu anayepita Timboroa alfajiri huhitaji hita kwa sababu moja kubwa: kuondoa ukungu kiooni ili aione barabara. Feni ikizunguka katika kasi ya juu pekee, mshukiwa wa kwanza ni rezista. Kifaa hiki hupunguza umeme unaofikia mota katika kasi za chini. Umeme wa kasi ya juu haupitii hapo, ndiyo maana kasi hiyo husalia.

Mara nyingi rezista huwekwa ndani ya njia ya hewa, nyuma ya kijisanduku cha dashibodi upande wa abiria, ili ipozwe na upepo wa feni yenyewe. Tenganisha waya hasi wa betri, chomoa plagi, fungua skrubu, kisha tia mpya ya aina ile ile.

Kosa la mafundi wengi ni kuishia hapo. Kabla ya kurejesha betri, zungusha feni kwa mkono: ikiwa nzito, mota inavuta umeme kupita kiasi, na rezista mpya itaungua vilevile. Majani yaliyokwama yaondolewe, na plagi iliyoyeyuka ibadilishwe. Anayeruka rezista kwa kipande cha waya, au kutia fyuzi kubwa zaidi, anaweza kuwasha moto ndani ya dashibodi.