Kuuliza Kazi kwa Kiingereza

Kpandroma ni mji mdogo wenye soko, katika nchi ya vilima ya Ituri, huko Kongo. Wengi wa watu wake husema Kilendu nyumbani na Kiswahili sokoni; na katika madarasa ya juu watoto hujifunza kwa Kifaransa. Lakini upande wa mashariki, si mbali, ni Uganda. Huko Kiingereza ndiyo lugha ya ofisi. Basi kijana wa Kpandroma anayetaka kuomba kazi ng'ambo ya mpaka hana budi kuandika kwa Kiingereza.

Wapi atakosea? Mara nyingi ni katika maneno madogo yanayounga sentensi.

Tuseme anauliza kwa Kiswahili, "Kuna kazi?" Akitaka kuuliza kwa adabu zaidi, atasema, "Naomba kujua kama kuna kazi." Maneno "kuna kazi" hayakubadilika hata kidogo. Kiingereza si hivyo. Swali fupi ni "Is there any work?" Hapo "is" hutangulia. Lakini likija neno "if", maana yake "kama", basi "is" hurudi nyuma: "I would like to know if there is any work." Asiandike "if is there".

Kosa la pili ni hili. Kwa Kiswahili twasema, "Ingawa sina cheti, lakini najua kushona." Maneno "ingawa" na "lakini" hukaa pamoja bila ugomvi. Kiingereza hutaka moja tu: "Although I have no certificate, I can sew." Aliyeandika "although" asiongeze "but".

Je, kosa kama hilo ni dalili ya ujinga? Sivyo. Kijana ameyafuata maneno ya Kiswahili moja moja. Lakini mwenye kazi hamjui. Hajaiona mikono yake wala bidii yake. Anaona karatasi tu. Huenda akaiweka kando, na fundi hodari akakosa kazi kwa ajili ya neno moja.

Kila ndege huruka kwa mbawa zake. Na kila lugha vivyo hivyo.

Zoezi: Andika kwa Kiingereza:
1. Naomba kujua kama kuna kazi ya kupika.
2. Ingawa mimi ni kijana, lakini najua kujenga.