Je, Wajua? Bukoba Haina Reli, Lakini Reli Imeijenga

Ukiwa Buhembe, mjini Bukoba, hutasikia honi ya treni, maana Bukoba na Muleba hazina hata kilomita moja ya reli. Hata hivyo, reli za Afrika Mashariki zinapoadhimisha miaka yao, mkoa wetu wa Kagera nao una haki ya kushangilia. Soma uone!

Msumari wa mwisho ulipigwa na mwanamke
Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901, na aliyepiga msumari wa mwisho ni Florence Preston, mke wa mhandisi. Tangu hapo kahawa ya Wahaya wa Kagera ikawa inavuka Ziwa Victoria, inapanda treni Kisumu na kushukia Mombasa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu.

MV Victoria ilikuwa mali ya reli
Meli hii iliyowavusha wazazi wetu kati ya Bukoba na Mwanza iliundwa Glasgow, Scotland, ikafunguliwa kama kitanda cha kuhamia nyumba mpya, kisha vipande vyake vikaungwa upya Kisumu. Ilianza kazi mwaka 1961 chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kumbe abiria wa Bukoba alikuwa abiria wa reli bila kuona behewa! Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ina kisa kikubwa zaidi: ilisafirishwa kwa treni hadi Kigoma ndani ya makasha yapatayo 5,000, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Hata vita ilikuja kwa meli za reli
Juni 1915, katika vita hiyohiyo, askari wa Uingereza walipanda meli za reli huko Kisumu, wakashuka Bukoba na kuuteka mji kwa siku mbili. Walichokifuata zaidi ni mnara wa mawasiliano wa Wajerumani, nao wakauangusha.

TAZARA inaishinda safari ya Bukoba hadi Dar kwa urefu
Reli hii ya Tanzania na Zambia ina kilomita 1,860, na ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, na Wachina wenzao walioko Dar es Salaam huenda huko kila Aprili kuweka maua. Reli ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976, kwa hiyo 14 Julai 2026 ndiyo siku ya kutimiza miaka 50.